Bustani ya Mboga ya Mfalme Ahabu



Wapendwa wasikilizaji, asubuhi ya leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya bustani ya mboga. Huenda mmoja wenu akasema kwamba hiyo ni kazi ya bwana shamba, si ya mhubiri. Hata sisi tulidhani hivyo, mpaka bustani yenyewe ilipotuhubiria.

Mwezi wa Januari wa mwaka juzi sisi watatu, mapadre wawili na bruda mmoja, tulihamia katika nyumba kuukuu ya Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Mama mmoja muumini, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuwa ameliachia shirika letu nyumba hiyo kwa wosia, na wakuu wetu wakatutuma tukakae humo ili tuwe karibu na watu wa sokoni. Ninyi mlio wakazi wa mji huu mnaijua nyumba ya namna hiyo hata bila kuonyeshwa: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaopita toka mbele hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko, choo na kisima. Kuta zake ni za miti na udongo, zikapigwa lipu ya saruji baadaye. Bati lake limeshika kutu. Zamani mtaa mzima ulikuwa wa nyumba kama hizo; sasa imebaki hiyo katikati ya maghorofa, na mpita njia huweza kuipita bila kuiona.

Majuma ya kwanza tuliyatumia kuzuia nyumba isituangukie. Mchwa walikuwa wamekula miimo ya milango miwili, na mvua ya kwanza ilitulazimisha kupanga ndoo saba ukumbini. Hayo tuyapite upesi, maana kila aliyehamia nyumba ya zamani anayo masimulizi yake, na ya kwetu si ya ajabu kuliko ya wengine.

Jioni moja, baada ya Masifu, tulisoma ile barua ambayo nabii Yeremia aliwapelekea Waisraeli waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Manabii wa uongo walikuwa wakiwaambia kwamba watarudi kwao upesi, basi wasijisumbue kufungua mizigo. Yeremia akawaagiza kinyume cha hayo: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula mazao yake, waozeshe watoto wao, wautakie amani mji ule wa wageni na kuuombea, kwa kuwa amani yao wenyewe ilikuwa ndani ya amani ya mji huo. Tukatazamana. Sisi nasi tulikuwa bado hatujafungua mizigo yote. Tukakata shauri: tutalima bustani ya mboga uani.

Shauri hilo lilitupendeza zaidi kadiri tulivyolifikiri. Kabla mji haujalifikia, eneo hili lilikuwa na mashamba ya minazi, na miti imeacha majina yake hata pale ambapo yenyewe haionekani tena: Mnazi Mmoja, Mtaa wa Mkunguni, Mtaa wa Mchikichi. Tena wazee wanakumbuka jinsi katikati ya miaka ya 1970, wakati wa ukame na njaa, serikali ilivyohimiza kilimo cha kufa na kupona, na watu wa mjini nao wakashika majembe, wakapanda kila mahali palipokuwa na udongo. Tulijiona kuwa tunarudisha jambo jema lililopotea.

Ipo na sababu nyingine, nayo si ndogo. Sehemu kubwa ya mchicha na matembele yanayouzwa kwa mafungu mitaani kwetu hutoka katika mabonde ya mji, hasa bonde la Mto Msimbazi. Mto huo huanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha huingia baharini penye daraja la Selander. Njiani hupokea maji machafu ya viwanda, ya vyoo na ya machinjio. Wataalamu waliopima mboga za bonde hilo wamekuta ndani yake madini yenye sumu, risasi ikiwa mojawapo. Twasema haya bila kuwalaumu wakulima wa bondeni, kwa maana wao ndio waliolilisha jiji mboga miaka mingi, na maji hayo hawakuyachafua wao. Lakini tulipenda kula na kuwagawia majirani mchicha ambao tunayajua maji yake.

Kulima udongo wa mjini si mchezo. Jembe la kwanza lilitoa vizibo vya chupa, la pili vigae, la tatu kipande cha bati na kiatu cha mtoto. Tulichekecha mchanga kwa chekeche la fundi mwashi. Majani ya kabichi na maganda ya ndizi tuliyaokota mitaa ya sokoni jioni, tukayarundika shimoni yawe mboji, na wachuuzi wakatuuliza kama mapadre siku hizi wanafuga mbuzi. Maji ya kisima yakawa na chumvi, kama visima vingi vya karibu na pwani; miche ya pilipili hoho ikaungua kingo za majani, ikafa yote. Ndipo tulipolikumbuka soko lenyewe. Msanifu wake, Beda Amuli, alilibuni lile paa lililofunguliwa mwaka 1975 kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, ili likinge mvua na kuyapeleka maji chini yakahifadhiwe. Sisi tukafunga mfereji wa bati upenuni, tukaweka pipa. Masika ilipoanza, pipa lilijaa kwa usiku mmoja.

Hata hivyo mboga hazikukua. Zilirefuka, zikawa nyembamba, zikapauka. Bruda wetu, aliyezaliwa katika ukulima, akaketi uani siku nzima na kipande cha chaki, akichora sakafuni mahali jua linapofika kila saa. Maghorofa yaliyotuzunguka yalikuwa yameziba asubuhi na yameziba alasiri. Kulikuwa na pembe moja tu iliyopata jua la kutosha, toka saa tano hadi saa nane, nayo ilikuwa ile iliyo karibu na mlango wa nyuma. Na katika pembe hiyo kulikuwa na mtu.

Tulipoipokea nyumba tulimkuta humo bibi mmoja mpangaji, Mwislamu, mzaliwa wa Kisarawe, aliyekaa katika chumba cha uani kwa zaidi ya miaka 40. Marehemu mwenye nyumba alikuwa rafiki yake, na kodi aliyomtoza ilikuwa ya jina tu. Kila siku saa tisa za usiku bibi huyu huamka, husaga mchele wake aliouloweka, huwasha moto kwenye mafiga yaliyo katika pembe hiyo, na kuanza kupika vitumbua. Kabla ya adhana ya alfajiri wateja wake hufika mlango wa nyuma: wabeba mizigo na wasukuma mikokoteni, ambao huchuchumaa hapo, hula, hunywa chai ya rangi, na kuondoka kwenda kupakua malori. Inafaa kukumbuka kwamba jina la Kariakoo lenyewe limetokana na watu wa kazi hiyo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi hapa. Watu wetu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likabaki. Wapagazi wengi wa vita ile hawakurudi makwao. Wa leo nao hubeba vya wengine toka giza mpaka giza, na kitumbua cha bibi ndicho chakula chao cha kwanza.

Basi tulimwendea bibi kwa adabu zote. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Tukamweleza habari ya jua na ya mboga, na kwamba mboga hizo zitakuwa pia zake. Tukamwomba, kama haoni taabu, ahamishe mafiga yake mpaka upande wa pili, kwenye upenu ulio karibu na choo, na tukaahidi kumjengea huko kibanda kizuri cha bati jipya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nyumba yenu, wanangu.” Sisi tukamshukuru kwa ukarimu wake. Kesho yake tukajenga kibanda, wala hatukubana fedha; tulitumia mbao nzuri.

Na mboga zikastawi! Mchicha uliota siku ya nne, na baada ya majuma manne tulikuwa tukichuma. Bamia zilifuata, na nyanya chungu, na matembele yaliyotambaa mpaka kwenye kizingiti. Udongo wa pembe ile ulikuwa mweusi na mwepesi, tofauti kabisa na mchanga wetu wa vigae. Tulimtolea Mungu sifa, tukapeleka mafungu kwa majirani, na padre mmojawapo wetu alikwisha kuanza kuandika hotuba ya redio juu ya Yeremia na bustani. Hotuba hiyo hamtaisikia.

Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani, akapita kijana msukuma mkokoteni. Akasimama, akatusalimu, akauliza, “Baba, yule bibi wa vitumbua alihamia wapi?” Tukamwambia hakuhama, yupo. Akashangaa. Akasema wao walifika siku mbili tatu, wakakuta penye moto pana matuta, na hawakuona vyema kupita katikati ya ua wa mapadre mpaka karibu na choo ili kula. Wakaenda kula kwingine. Ndipo tulipoanza kuyaona mambo tuliyokuwa tukiyatazama kila siku. Kweli, alfajiri hatukusikia tena sauti za watu mlango wa nyuma. Kweli, tulikuwa tumemwona bibi, mtu wa umri ule, akitoka na beseni kichwani kwenda kutafuta wanunuzi barabarani, nasi tukasema kwamba, Alhamdulillahi, bado ana nguvu.

Juma hilohilo, katika Misa ya asubuhi, lilisomwa somo la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21.

Ninyi makatekista mnaolifundisha somo hilo, twawaomba jambo moja: msiharakie kufika kwa Yezebeli. Sisi sote hupenda kuharakia. Malkia mwovu yupo, barua yenye muhuri wa mfalme ipo, mashahidi wa uongo wapo, mawe yapo, na mbwa wapo; na mtoto wa kipaimara akitoka hapo atajua kwamba dhambi ni kitu cha kutisha kinachofanywa na watu wa kutisha. Rudini kwanza mistari michache nyuma. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la Nabothi kwa kazi gani? Si kwa kujenga gereza wala kwa kufanya karamu za ulevi. Alitaka kulifanya bustani ya mboga, kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Naye hakuja na upanga. Alikuja na toleo la haki: shamba lingine lililo zuri kuliko hilo, au bei yake kwa fedha. Nani kati yetu angemlaumu? Ukiyasoma maneno yale peke yake, bila yale yanayofuata, utasema huyu ni jirani mwema mwenye kupenda mboga.

Sisi watatu tulilisikia somo hilo tukiwa na udongo wa pembe ile kwenye kucha.

Kosa la Ahabu, kwa jinsi tulivyolielewa asubuhi ile, lilianza pale ambapo mwenye nguvu alimwomba mnyonge kitu huku akijua, au akijifanya hajui, kwamba ombi la mwenye nguvu haliwezi kukataliwa bila hofu. Nabothi alithubutu kukataa. Alisema huo ni urithi wa baba zake, akauawa. Bibi yetu hakuthubutu hata kukataa. Alisema nyumba ni yetu. Sisi tulilisikia neno la idhini, kumbe lilikuwa neno la mtu anayehesabu usiku ni kodi kiasi gani atatozwa na wenye nyumba wapya, na kama mwaka ujao atakuwa bado na chumba. Tulimwomba kwa sauti laini. Sauti laini ya mwenye nyumba ni sauti ya mwenye nyumba.

Na kuhusu udongo ule mweusi: tuliuliza baadaye, tukaambiwa. Ulikuwa majivu ya moto wake, na maji ya kuoshea mchele wake, yaliyomwagwa hapo kila siku kwa miaka 40. Hata rutuba tuliyomshukuru Mungu kwa ajili yake ilikuwa kazi ya mikono yake.

Tulimwendea jioni, tukaketi chini. Si rahisi kuomba msamaha kwa mtu anayesisitiza kwamba hakuna kosa. Alitukatiza mara tatu kwa kutukaribisha chai. Mwishoni alicheka, akasema, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mlikuja nalo begani, sikupata hata nafasi ya kuwapa.” Akasema pia kwamba angetuonyesha tangu mwanzo pa kupanda, laiti tungaliuliza, maana yeye na marehemu walilima mchicha humo miaka ya nyuma, kabla ya maghorofa. Hatukuwa tumeuliza. Tulikuwa tumechora kwa chaki.

Asubuhi yake tulirudisha mafiga mahali pake. Bibi alichagua mwenyewe yakae vipi. Udongo wa matuta tuliutia katika viroba vya mchele, na bruda akavitoboa ubavuni, mchicha ukaota juu na pembeni. Viroba vinne tulivipandisha juu ya ukuta wa nyuma, ambako jua hukaa kitambo zaidi, wazo ambalo pia lilikuwa la bibi. Vingine tulivipanga barazani. Mavuno yamepungua nusu, tusiwadanganye. Bamia zimetushinda kabisa. Lakini saa kumi na moja za alfajiri wateja wapo tena mlango wa nyuma, na sisi tunasali Masifu huku tukisikia mafuta yakilia kikaangoni.

Tungependa kuishia hapo, ila hatungekuwa tumewaambia kweli yote.

Miezi minne iliyopita alitujia bwana mmoja mfanyabiashara, mtu wa adabu, aliyevua viatu mlangoni. Alitaka kununua kiwanja ajenge maduka ya ghorofa kumi. Alitutolea namna mbili: kiwanja kingine kikubwa kuliko hiki, nje ya mji, chenye nafasi ya bustani, au fedha taslimu, kiasi ambacho hatukuwahi kukisikia kikitajwa katika shughuli zetu. Tulitazamana tena sisi watatu, safari hii bila kucheka. Maneno yalikuwa yaleyale ya Yezreeli, ila sasa tulikuwa upande wa Nabothi. Au tulidhani tuko upande huo, kwa sababu mwenye kukaa siku nyingi zaidi juu ya kiwanja hicho hakualikwa kwenye mazungumzo.

Hatumhukumu bwana yule. Wafanyabiashara wanahitaji maduka, na watu wengi hupata riziki katika majengo hayo. Tunajua pia kwamba tangu Jumamosi ile ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo likafukia watu, majirani zetu huyatazama maghorofa kwa jicho lingine. Ila hilo si jawabu. Jawabu gumu ni hili: shirika letu lina vijiji visivyo na zahanati. Fedha zile zingejenga moja, na pengine mbili. Mama anayefia njiani akipelekwa kujifungua naye ana haki juu ya kiwanja cha Kariakoo. Ahabu alikuwa na mboga zake. Sisi tungekuwa na zahanati, na sababu njema, tumekwisha kujifunza, haitoshi. Lakini haimaanishi kwamba haina uzito.

Wakuu wetu wametuandikia kutaka maoni yetu kabla ya kuamua. Tulikaa siku tatu tukiandika barua ya majibu. Tumeandika hesabu za fedha bila kupunguza, na habari ya zahanati, na hali ya kuta. Lakini la kwanza kabisa tumeandika habari ya bibi, ambaye jina lake halimo katika hati ya kiwanja wala katika wosia, na tumeomba kwamba, lolote litakaloamuliwa, aulizwe yeye kwanza, tena aulizwe na mtu asiye mwenye nyumba wake.

Kabla ya kuifunga bahasha tulikwenda uani tukamsomea barua yote. Alisikiliza mpaka mwisho akipepeta mchele. Kisha akatutaka tusahihishe mahali pamoja tu. Tulikuwa tumeandika “bibi mmoja mpangaji”. Akasema, “Mimi nina jina, na baba yangu alikuwa na jina.” Tukalifuta neno hilo, tukaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kama alivyotutajia mwenyewe, naye akatukariria herufi moja tuliyoikosea.

Barua imekwenda siku ya Alhamisi. Jibu bado hatujalipata. Tunaomba sala zenu.